Kumtazama Buster Keaton kwa Futi na Inchi

Ukuta ule ulikuwa na uzito wa tani mbili. Ulikuwa upande wa mbele wa nyumba ya mbao, umefungwa bawaba chini, na huko juu karibu na paa una dirisha moja lililoachwa wazi. Buster Keaton, mwigizaji na mchekeshaji wa Marekani wa enzi ya sinema bubu, yaani filamu zisizo na sauti, alisimama mbele yake huko Sacramento, California, visigino vyake vikilingana na alama ya msumari uliopigiliwa ardhini. Ukuta ukaachiwa, ukaanguka wote kwa pamoja, na dirisha likampitia kichwani na mabegani hadi miguuni. Kwa maelezo yake mwenyewe, nafasi iliyobaki ilikuwa inchi mbili kila upande, yaani kama sentimita tano. Filamu ni Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Hakuna mbadala, hakuna picha mbili zilizounganishwa, hakuna mkato.

Mtu angedhani ukuta mwepesi ndio salama zaidi. Sivyo. Eneo lile lilikuwa likipigwa na upepo wa mashine kubwa zilizoendeshwa kwa injini za ndege, maana hadithi yenyewe ni ya kimbunga. Ukuta mwepesi ungepinda ukiwa bado hewani, dirisha lingehama kutoka pale lilipopimwa, na Keaton angekufa. Ndiyo maana ulijengwa mzito na mgumu. Tena mashine zilielekezwa ili upepo uonekane mbele na nyuma ya mwigizaji, lakini usiuguse uso wa nyumba wakati ule ilipoanza kulala. Hesabu zote hizo zilikwisha kabla kamera haijaanza kuzunguka. Kilichobaki kwa mwigizaji kilikuwa kimoja: asitikisike.

Hapo ndipo ninapoanza kumsifu. Wengi husimulia tukio hili kama habari ya ujasiri, na ujasiri ulikuwapo, lakini mtazame tena ukiangalia mabega yake. Mtu yeyote akisikia kitu kizito kinamjia kwa nyuma hujikunyata: shingo huzama, mabega hupanda. Mabega ya Keaton yakipanda, zile inchi mbili zinaliwa. Utulivu unaomfanya mhusika aonekane hana habari na balaa linalomjia ndio huohuo unaomwokoa mwigizaji. Kwa Keaton, kuigiza vizuri na kupona ni kazi moja, na sijaona mwigizaji mwingine ambaye mambo hayo mawili yameshikana hivyo kwa miaka mingi.

Wazo hilo hakulipata siku moja. Mwaka 1919, akiwa bado msaidizi wa mchekeshaji Roscoe Arbuckle, walifanya mzaha wa pazia la jukwaani lenye picha ya nyumba likimwangukia Arbuckle, naye akipita dirishani. Mwaka uliofuata, katika One Week, filamu fupi ya kwanza aliyoitoa kwa jina lake, Keaton aliurudia kwa ukuta wa nyumba. Miaka minane baadaye ukafika tani mbili. Ukizitazama filamu hizo tatu kwa mfuatano, unaona fundi anayeongeza uzito kidogo kidogo kila anapohakikisha kwamba kipimo kinashika.

Sasa tuseme habari ya uso. Watu walimpa jina la uso wa jiwe, na jina hilo limemdhulumu. Keaton alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, Kansas, wazazi wake wakiwa wasanii wa jukwaani waliokuwa wakizunguka mji hadi mji. Onyesho la familia liliitwa The Three Keatons, na kazi ya mtoto ndani yake ilikuwa kurushwa: baba anamtupa kwenye mandhari ya jukwaa, anamtupa kwenye shimo la wanamuziki. Mgongoni mwa nguo yake ulishonwa mpini wa sanduku la safari, baba apate pa kushikia. Mtoto aligundua mapema kwamba akiinuka anacheka, ukumbi unanyamaza. Akiinuka na uso mkavu, ukumbi unalipuka. Kwa hiyo akauzuia mdomo. Macho hakuyazuia hata siku moja.

Katika Steamboat Bill, Jr. kuna tukio la duka la kofia. Baba, nahodha mkali aliyeigizwa na Ernest Torrence, anataka mwanawe aache kofia yake ya kijana wa chuo. Keaton anasimama akitazama moja kwa moja kwenye kamera, kana kwamba kamera ni kioo, na kofia zinabadilishwa kichwani mwake moja baada ya nyingine kwa haraka. Kila kofia inamfanya mtu mwingine kwa sekunde moja: huyu mhuni, huyu mchungaji, huyu mpenda fahari. Mdomo haujasogea. Ni nyusi, kope, na namna kidevu kinavyopanda au kushuka kwa unene wa kidole. Halafu inafika kofia ile bapa ambayo hadhira yote ya enzi hizo iliijua kuwa ya Keaton, naye anaivua haraka, kama mtu anayeficha siri. Zuia video hapo, rudisha nyuma, uangalie macho peke yake. Uso wa jiwe hauwezi kufanya hivyo.

Na kwa kuwa tumeitaja kofia ile: alizitengeneza mwenyewe, maana zililowa, zilikanyagwa na kupotea katika kila filamu. Alichukua kofia nzuri ya sufu iliyofinywa, akaikata kimo, kisha akaukakamaza ukingo kwa maji ya sukari. Kipimo alichokitoa ni vijiko vitatu vya chai vya sukari, vilivyojaa hadi juu, katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ukingo unaloweshwa juu na chini, unalazwa juu ya kitu kigumu na safi, unanyooshwa, unaachwa ukauke hadi ukakamae. Ukingo ulionyooka vile ni mstari wa mlalo juu ya macho yake; kichwa kikiinama hata kidogo, mstari unainama nao, na mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi anaona. Kofia ilikuwa chombo cha kuigizia.

Jambo jingine la kumsomea Keaton ni umbali wa kamera. Mara nyingi humwona mwili mzima, kuanzia kofia hadi viatu, na mahali alipo pote. Kuna sababu ya kazi. Ukikata kutoka mtu anayeruka hadi mtu anayetua, mtazamaji ana haki ya kushuku. Keaton aliamini kwamba kicheko kikubwa kinahitaji ushahidi: pengo, mruko na kutua viwe ndani ya fremu moja. Hasara yake ni kwamba mwigizaji hana msaada wa picha ya karibu kueleza anachohisi. Lazima mgongo useme, magoti yaseme. Yeye alikuwa na kimo cha kama sentimita 165 tu, na bado ndani ya fremu iliyojaa treni au meli jicho lako linampata mara moja, kwa sababu yeye hutulia wakati kila kitu kinakwenda, na hukimbia wakati kila kitu kimetulia.

Mfano mzuri kuliko yote umo katika The General ya mwaka 1926. Johnnie Gray, dereva wa treni, amekataliwa na jeshi, na mchumba wake anamdhania mwoga. Anakwenda kuketi juu ya kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya injini. Anaketi tu, mikono mapajani, amezubaa. Injini inaanza kuondoka. Chuma kinapanda, kinakwenda mbele, kinashuka, kinapanda tena, naye amekaa vilevile, anainuliwa na kushushwa katika duara kubwa, hajatambua. Anatambua pale tu injini inapoanza kuingia kwenye banda, na unaona kichwa kikishtuka sekunde chache kabla giza halijammeza.

Hatari ya pale haionekani kwa urahisi. Injini ya mvuke ikipewa mvuke mwingi wakati wa kuanza, magurudumu huteleza na kuzunguka kwa kasi papo hapo kabla hayajashika reli. Chuma kile kingezunguka nayo na kumrusha, au kumsaga. Kwa hiyo usalama wa Keaton ulikuwa mkononi mwa dereva aliyefungua mvuke taratibu. Lakini angalia uigizaji: angekaza mwili kujishikilia, huzuni ingepotea. Amelegea kabisa. Uzito wake wote umekabidhiwa kwenye chuma, kama mtu aliyechoka na dunia. Moyo wa mhusika tunausoma katika misuli isiyokazwa.

Filamu hiyo imejengwa juu ya kisa cha kweli cha mwaka 1862, askari wa Kaskazini walipoiba injini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ilipigwa Cottage Grove, Oregon, ambako reli za aina ya zamani bado zilikuwapo. Tarehe 23 Julai 1926 injini halisi ilipitishwa kwenye daraja lililokatwa na kuchomwa moto, ikatumbukia mtoni. Shoti hiyo moja iligharimu dola 42,000 na haikuwa na nafasi ya kurudiwa. Mara nyingi hutajwa kuwa ndiyo ghali kuliko zote za enzi ya sinema bubu. Mabaki ya injini yalikaa mtoni hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili, yalipochukuliwa kuwa chuma chakavu. Askari wa akiba wa Oregon walivaa sare za kijivu za Kusini wakapita upande mmoja, kisha wakavaa za buluu za Kaskazini wakapita upande wa pili wakijifukuza wenyewe.

Ukubwa wote huo unanivutia, ila tukio ninalolirudia zaidi ni dogo. Johnnie na Annabelle Lee, aliyeigizwa na Marion Mack, wanakimbizwa, na tanuri linataka kuni. Annabelle anatupa gogo zuri kwa sababu lina tundu, kisha anachagua kijiti kidogo na kukitia motoni kwa uangalifu. Johnnie anamtazama. Anaokota kibanzi kidogo zaidi na kumpa. Naye anakipokea na kukitia motoni. Johnnie anamkaba koo, anamtikisa, halafu katika mwendo uleule wa mikono anambusu na kurudi kazini. Hasira, kukata tamaa, mapenzi na haraka ya kazi vyote vimepita katika sekunde chache bila mpaka kati ya kimoja na kingine. Mwigizaji wa kawaida angevitenganisha ili uvione vizuri. Keaton anaviacha vigongane.

Wala hakuwa mtu wa kufanikiwa kila mara, na makosa yake yanafundisha kuliko ushindi wake. Katika Three Ages ya mwaka 1923 alipaswa kuruka kutoka paa hadi paa. Hakufika. Vidole viligusa ukingo, akaanguka kwenye wavu na kuumia kiasi cha kulala siku kadhaa. Picha zilipotazamwa, lile anguko lilionekana zuri kuliko mruko uliokusudiwa. Basi wakalibakiza na kulijengea mwendelezo: anaanguka akipasua vitambaa vya kukinga jua juu ya madirisha, anashika bomba la maji, bomba linang'oka na kumtupa ndani ya jengo, anateleza kwenye nguzo ya wazima moto na kujikuta ameketi nyuma ya gari lao. Kosa moja lilizaa mlolongo mzima.

Mwaka 1921 ngazi ya umeme ilimvunja mguu wakati wa kupiga filamu. Kwa kuwa hakuweza kuruka, alibuni The Playhouse, filamu ya ujanja wa kamera, ambamo yeye ndiye kila mtu: mwongoza bendi, wanamuziki, wacheza ngoma, na watazamaji wa rika na jinsia zote. Katika safu ya watu tisa jukwaani, lenzi ilifunikwa kwa sanduku lenye vizuizi tisa. Kizuizi kimoja kinafunguliwa, anaigizwa mtu mmoja, kisha ukanda unarudishwa hadi mwanzo, kizuizi cha pili kinafunguliwa, na kadhalika mara tisa kwenye ukanda uleule. Kamera za wakati huo zilizungushwa kwa mkono. Mpigapicha wake, Elgin Lessley, alilazimika kuzungusha kwa kasi ileile kila mara, na Keaton kucheza kwa mdundo uleule uliopigwa kwa banjo, ala ya nyuzi. Mzunguko mmoja ukipotoka, yote manane mengine yameharibika. Hapo utamwona Keaton mwigizaji hasa, kwa sababu hakuna mruko wa kukushangaza: yule mzee na yule mama ni watu wawili, na tofauti yao imo shingoni na viwikoni.

Sherlock Jr. ya mwaka 1924 ndiyo iliyomgharimu zaidi. Anakimbia juu ya mabehewa, anashika kamba ya bomba la tangi la maji, maji yanafunguka na kumbwaga chini, na kisogo chake kinagonga reli. Aliumwa kichwa, akaendelea na kazi. Miaka ya 1930 daktari aliyempiga picha ya eksirei alimwonyesha kwamba shingo iliwahi kuvunjika na kujiunga yenyewe. Shoti hiyo imo ndani ya filamu. Utamwona akiinuka na kukimbia. Katika filamu hiyohiyo anaingia ndani ya skrini na mandhari yanambadilikia: bustani, barabara, ukingo wa jabali, simba, jangwa, mwamba baharini, theluji. Anaanza kuketi mahali pamoja na kuangukia mahali pengine. Ili mwili usiruke kati ya picha mbili, walipima umbali wake kutoka kwenye kamera kwa vifaa vya wapima ardhi na kulinganisha na fremu ya mwisho ya picha iliyotangulia. Keaton kwa upande wake alitakiwa kushika pozi, asubiri eneo jipya, na kuliendeleza anguko kana kwamba hakuna siku zilizopita katikati.

Na katika Seven Chances ya mwaka 1925 hadhira ndiyo iliyomfundisha. Kwenye onyesho la majaribio watu walicheka ghafla mahali ambapo hapakuwa na mzaha. Walipochunguza waliona kwamba akikimbia mteremko aligonga mawe matatu, nayo yakaanza kumfuata. Akarudi na mawe ya bandia yapatayo 1,500, mengine makubwa kufikia futi nane kwa upana, na kuyaangusha yote. Uigizaji wake pale ni wa miguu: huyatazama mawe kwa hesabu, hupunguza mwendo, hugeuka, huona kwamba mbele kuna wanawake waliomfuata kwa hasira na nyuma kuna mawe, na unaona akichagua mawe.

Lazima niseme pia yale yanayoumiza. The General inasimuliwa kutoka upande wa Kusini, upande uliopigania kubakiza utumwa, na watumwa wenyewe karibu hawaonekani. Keaton aliona kwamba hadhira ya siku zake isingekubali watu wa Kusini kuwa wabaya wa hadithi. Seven Chances ina mzungu aliyepakwa masizi kuigiza mtu mweusi, College ya mwaka 1927 inamwonyesha Keaton mwenyewe amepakwa, na wale tisa wa The Playhouse pia. Sioni sababu ya kuyafunika wala kuyatetea. Ni mzaha wa kibaguzi, na hata kwa upande wa ufundi ndiyo sehemu dhaifu za kazi yake: mtu aliyepima kila kitu mwenyewe, hapo aliazima kilichokuwa sokoni.

Anguko lake la kazi huelezwa vibaya. Wengi husema sauti ilimmaliza. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, naye alikulia jukwaani. Kilichomwangusha ni mkataba wa mwaka 1928 na MGM, studio kubwa ya Hollywood, alioutaja baadaye kuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Katika studio yake ndogo filamu ilianza na mwanzo mzuri na mwisho mzuri. Katikati ilitafutwa kazini, na kitu kikiharibika walisimama na kufikiri. Studio kubwa ilitaka maandishi kamili kabla, ratiba, na mwigizaji asiyejihatarisha kwa sababu ni mali ya kampuni. The Cameraman ya mwaka huohuo bado ina pumzi yake. Baada yake mtazame katika filamu za sauti za mwanzoni mwa miaka ya 1930: anasimama akingoja mstari wake, na mwili hauna tatizo la kutatua. Pombe na ndoa iliyovunjika viliongeza, na mwaka 1933 akaachishwa. Heshima ilirudi polepole, pamoja na tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1960, miaka sita kabla ya kifo chake.

Ukitaka kuanza, anza na One Week, haizidi nusu saa. Fuatisha Sherlock Jr., kama dakika 45, ndipo uende kwenye The General na Steamboat Bill, Jr. Nchini Marekani filamu zake zote za enzi ya sinema bubu hazina tena hakimiliki, kwa hiyo nakala zimejaa, na nyingi ni mbaya. Kagua mambo matatu. Kwanza fremu: kama kofia au viatu vinakatwa ukingoni, nakala imekuzwa na vipimo vyote nilivyovieleza vimepotea. Pili kasi: watu wakitembea kama wanaochomwa na moto, imeharakishwa kupita kiasi, uzito wa mwili ukitoweka, anguko linakuwa katuni. Tatu giza: macho yake yakionekana kama madoa meusi, tafuta nakala iliyorekebishwa, maana bila macho hujamwona. Muziki ukikukera, uzime.

Na usiondoke kabla The General haijaisha kabisa. Johnnie sasa ni luteni, ameketi na Annabelle juu ya chuma kilekile cha magurudumu, wanataka kubusiana. Askari anapita, inabidi apige saluti. Anapita mwingine, saluti tena. Anatazama: kambi nzima inamiminika kuelekea kwake. Kwa sekunde moja unamwona akipiga hesabu. Halafu anahama, anakaa upande wa pili wa msichana, mkono wa kushoto unamkumbatia, mdomo unabusu, na mkono wa kulia, uliobaki huru, unapanda na kushuka kuwapigia saluti wote wanaopita, bila yeye kugeuka kuwatazama.